Nani Anayemfundisha Mtoto?

Swali limetufikia kutoka kwa wazazi zaidi ya mmoja, nalo ni swali la dhamiri kuliko la fedha. Mzazi amemwandikisha mwanawe katika masomo yanayoletwa nyumbani, zamani kwa bahasha ya posta, siku hizi kwa simu au kompyuta. Ada amelipa. Vitabu vimefika, au masomo yafunguka kila asubuhi katika kioo cha simu. Je, mzazi huyo amekwisha kutimiza wajibu wake wa kumsomesha mtoto? Au amenunua chombo tu, na kazi yenyewe ingali yamngoja?

Wanaouliza si wa namna moja. Wako Wakatoliki wenzetu waliohamia Marekani, ambako tangu miaka ya 1990 majimbo yote 50 yawaruhusu wazazi kuwafundisha watoto nyumbani, kila jimbo kwa masharti yake. Hao wameona jirani zao wakifanya hivyo, nao wavutwa. Hapa kwetu mambo ni mengine. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 yamtaka kila mzazi amwandikishe mtoto katika shule ya msingi na kuona kwamba ahudhuria, wala hatuandiki haya ili kumshawishi mtu awatoe watoto wake darasani. Lakini yuko kijana aliyeshindwa mtihani wa Kidato cha Nne, naye ajiandaa nyumbani kuurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Yuko mtoto ambaye ugonjwa umemlaza miezi mingi. Yuko binti aliyezaa kabla ya kumaliza shule. Tangu Novemba 2021 serikali imemfungulia mlango wa kurudi darasani, lakini si kila binti aweza kurudi mara moja, naye asoma huku amepakata mtoto. Wote hao wasoma chini ya paa la wazazi wao, na mwalimu wao yu mbali.

Tuanze na haki, maana hapo hatuna shaka. Mwaka 1922 jimbo la Oregon, huko Marekani, lilipitisha sheria ya kuwalazimisha watoto wote wasome katika shule za serikali tu. Masista wa Majina Matakatifu ya Yesu na Maria, waliokuwa na shule zao huko, wakaenda mahakamani. Mwaka 1925 Mahakama Kuu ya nchi ile ikakata shauri kwamba mtoto si mali ya dola, na kwamba wale wanaomlea na kumwongoza wanayo haki, pamoja na wajibu mkubwa, wa kumwandaa kwa maisha yake. Baba Mtakatifu Pio XI alipoandika barua yake juu ya malezi ya Kikristo mwishoni mwa mwaka 1929, aliyataja maneno ya mahakama ile kwa sifa, jambo lisilo la kawaida kwa barua ya Papa. Na Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika tamko lake la mwaka 1965, ukafundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao.

Mafundisho hayo twayapenda sana sisi wazazi na wachungaji, hasa tunapotaka kuiambia serikali isituingilie. Twayasahau upesi yanapotugeukia wenyewe. Maana mahakama ile haikutaja haki peke yake. Ilitaja na wajibu. Aliye mlezi wa kwanza haachi kuwa wa kwanza kwa sababu amempata wa pili. Ampelekapo mtoto shuleni, amtuma kwa mwalimu aliye mtu, mwenye macho ya kuona kwamba leo mtoto huyu amekuja na njaa au amelia njiani. Sehemu ya ulezi wake imepokewa na moyo wa mtu mwingine. Akimwandikisha katika masomo ya mbali, sehemu hiyo haina wa kuipokea. Barua haina macho, wala simu haina moyo. Ndiyo kusema kwamba masomo haya, badala ya kumpunguzia mzazi kazi, yamrudishia kazi ile aliyozoea kumwachia mwalimu wa shule. Watu wengi waliolipa ada hawakuambiwa hivyo na yule aliyewauzia.

Waanzilishi wa masomo haya walilijua jambo hili. Katika mji wa Baltimore, Marekani, iko shule iitwayo Calvert, iliyoanzishwa mwaka 1897. Mkuu wake wa kwanza, Virgil Hillyer, alianza mwaka 1906 kuuza masomo ya kufundishia nyumbani. Yasimuliwa kwamba wazo lilimjia kifaduro kilipowazuia watoto wasije darasani, akawapelekea masomo makwao. Masomo yake yakaenea mbali, yakawafikia watoto wa wamisionari, wa mabalozi na wa askari waliokaa katika nchi za watu. Yafaa kuangalia ndani ya masanduku yale kulikuwa na nini. Pamoja na vitabu vya mtoto kulikuwa na kitabu cha mama, kilichomweleza siku kwa siku afanye nini, aulize nini, atazame nini katika mwandiko wa mtoto. Bwana Hillyer hakujidai kuwa anafundisha watoto asiowaona. Aliwafundisha mama zao kufundisha.

Huko New Zealand, mwaka 1922, serikali ilimweka Bibi Janet Mackenzie katika mji wa Wellington, peke yake, awaandikie masomo watoto waliokaa mahali pasipo shule: watoto wa walinzi wa minara ya taa visiwani, watoto wa mashamba ya milimani. Shule ile ingaliko mpaka leo, nayo ni kubwa. Lakini tangu mwanzo, barua ya mwalimu ilikuwa na mkono wa kuipokea mezani.

Mfano unaotugusa zaidi ni wa Australia, kwa sababu ya upana wa nchi. Katika jangwa la katikati familia moja yaweza kukaa mamia ya kilomita mbali na jirani yake. Tangu mwaka 1929 watu wa huko walikuwa na redio ya kukanyagwa kwa miguu, mfano wa baiskeli, aliyoibuni Alfred Traeger, ili waweze kumwita daktari wa ndege. Bibi mmoja mwalimu, Adelaide Miethke, akaona kwamba chombo kinachomwita daktari chaweza pia kumwita mwalimu. Mwezi Juni 1951 shule ya hewani ya Alice Springs ikafunguliwa rasmi. Mtoto aliyekuwa akisoma kwa bahasha peke yake sasa akasikia sauti ya mwalimu, na sauti za wenzake asiowajua kwa sura. Leo redio imeondoka, masomo yapita kwa setilaiti, na mtoto amwona mwalimu wake usoni. Hata hivyo shule ile yataka katika kila nyumba pawe na mtu mzima anayekaa na mtoto saa za masomo, mara nyingi mama, au msichana aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Chombo kimebadilika mara tatu. Mtu wa mezani hakuondolewa. Watu wenye mitambo mizuri kiasi hicho wangalipata njia ya kumwondoa, wangalikwisha kumwondoa.

Hapo ndipo twaona hatari ya masomo ya simu yanayouzwa sasa. Kitabu cha Baltimore kilisema na mama. Simu yasema na mtoto peke yake, nayo yampita mama kama vile hayupo. Ina sauti tamu na picha za kupendeza, yamsifu mtoto kwa kila jibu, nayo yamtumia mzazi ujumbe mwishoni mwa wiki kwamba mwanao amemaliza masomo 12. Mzazi aupokea ujumbe, aridhika, aendelea na shughuli zake. Hakuna dhambi katika chombo hicho. Twaweza hata kukisifu, maana chafafanua jambo mara 10 bila kuchoka wala kukasirika, na wangapi miongoni mwetu tuliosomeshwa zamani tungalipenda mwalimu wa namna hiyo! Lakini tukumbuke kilikotoka. Masomo ya hesabu ya Khan Academy, yanayotumiwa duniani kote bila malipo, yalianza mwaka 2004, Salman Khan alipokuwa Boston, naye akimsaidia binamu yake aliyekuwa New Orleans, kwa simu, baada ya saa za kazi. Video zikaja mwaka 2006, shirika likaja mwaka 2008. Chanzo chake ni ndugu mmoja aliyejua kwamba mtoto fulani, kwa jina lake, ameshindwa hesabu, akakaa naye.

Wako watakaotujibu kwamba watu wengi wamesoma kwa posta bila kukaliwa na mtu, wakafika mbali. Ni kweli. Nelson Mandela alipata shahada yake ya kwanza mwaka 1943 kwa masomo ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini yanayoletwa mbali, na shahada ya sheria mwaka 1989 akiwa bado kifungoni. Lakini Mandela hakuwa mtoto wa miaka 11. Mtu mzima ana nia yake, naye ajua anachokitafuta. Na hata watu wazima, katika kozi kubwa za intaneti zisizo na wa kuwafuatilia, walio wengi sana huanza wasimalize. Kumwachia mtoto mzigo ambao watu wazima huutupa njiani, kisha kumwita mvivu asipoufikisha, si haki.

Basi yaja sauti ya mzazi mnyonge, nayo ndiyo iliyotufanya tuandike. “Mimi nimeishia darasa la saba. Mwanangu asoma kemia. Nitakaa naye nifanye nini?” Swali hili lataka jibu la kweli, si maneno ya kubembeleza. Hutamfundisha kemia. Hilo ni jambo lisilowezekana, na asemaye kwamba upendo watosha kumfundisha mtu kemia amdanganya mzazi na mtoto pia. Utafuteni mtu anayeijua. Lakini kufundisha somo na kuitikia kwa ajili ya mtoto ni mambo mawili. Mama asiyejua kusoma aweza kumwambia mwanawe, “Haya, nieleze ulichosoma leo,” na mtoto asipoweza kukieleza kwa maneno ya nyumbani, wote wawili wamejua kwamba hakukielewa. Aweza kuuona uso. Aweza kujua kama daftari la leo lina mistari mingi kuliko la jana. Aweza kuuliza, “Mbona umeruka ukurasa huu?” Hayo ni ya ualimu kabisa, na mashine haiyafanyi.

Tena, sisi wenyewe tulikwisha kuyaona haya. Mwaka 1973 nchi yetu iliendesha kampeni ya “Mtu ni Afya”. Watu wazima wapatao milioni 2 walisoma kwa redio juu ya malaria, kuhara, minyoo na usafi. Hawakusikiliza kila mtu peke yake kitandani. Walikaa katika vikundi, chini ya mwembe au katika shule, na kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefunzwa siku chache, mara nyingi mtu wa kawaida mwenye elimu ndogo. Kipindi kikiisha, kiongozi aliuliza: katika kijiji chetu jambo hili likoje, nasi tutafanya nini? Vyoo vikachimbwa. Redio ilileta maarifa, na kiongozi yule aliyejua machache alihakikisha kwamba yamesikiwa, yameeleweka na yametendwa. Mzazi wa darasa la saba katika nyumba yake ni kiongozi wa kikundi cha namna hiyo, hata kama kikundi chenyewe ni mtoto mmoja.

Tutaje sasa jambo lisilopendeza. Masomo ya mbali yana mazoezi na majaribio yanayofanywa nyumbani bila msimamizi. Zamani baba aliyetaka sifa alishika kalamu akamwandikia mwanawe majibu, kisha bahasha ikatumwa. Leo hana haja ya kushika kalamu, kwa maana zipo mashine zinazotunga insha na kukokotoa hesabu kwa nukta chache, na mtoto azijua kuliko baba. Watu huliita jambo hili ujanja, au msaada. Tulitazame vizuri. Shuleni mtoto akiiba majibu, amdanganya mwalimu, na nyumbani yuko mzazi wa kumwonya. Akiiba majibu nyumbani, naye mzazi anajua akanyamaza, mtoto amepata somo ambalo halikuandikwa katika kozi yoyote: kwamba wazazi wake, waliompeleka kwenye ubatizo na kumfundisha amri za Mungu, wauona uongo kuwa ni njia nzuri ya kupatia cheti. Somo hilo atalikumbuka kuliko kemia. Afadhali mtoto apate alama 30 zake mwenyewe, mama yake akazitia sahihi, kuliko 90 za mtu mwingine. Twajua ni neno gumu kwa mzazi aliyelipa ada kwa kuuza ng’ombe. Hatuna jingine.

Tena liko la mabinti. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona, nchi nzima ilijikuta inasomesha nyumbani bila kutaka. Kwetu darasa zote zilirudi kufikia mwisho wa Juni mwaka uleule. Jirani zetu wa Uganda walikaa muda mrefu zaidi: isipokuwa madarasa machache yaliyorudishwa katikati, shule hazikufunguliwa zote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Vipindi vya redio vilikuwapo, makaratasi ya masomo yaligawiwa, wenye simu walitumia simu. Wasichana wengi hata hivyo walikutwa na mimba, wengine waliozwa, na watoto wengi hawakurudi tena. Mtu asiseme kwamba masomo yalikuwa mabaya. Kilichokosekana ni ulinzi wa saa zao. Kengele ya shule ina kazi moja isiyotajwa katika vitabu: yamwambia kila mtu, hata mjomba na shangazi, kwamba sasa mtoto huyu hatumwi. Nyumbani hakuna kengele. Kijana wa kiume akifungua kitabu, watu husema, “Mwacheni, anasoma.” Dada yake akifungua kitabu hichohicho, huitwa kuchota maji, kumshika mtoto, kukoroga uji, kuwapokea wageni, na jioni huulizwa kwa nini kaka yake amemwacha nyuma. Mzazi atakayemsomesha binti nyumbani bila kwanza kumwekea saa zake, na kuzitangaza kwa watu wote wa nyumba ile, na yeye mwenyewe kuichukua ndoo saa hizo zifikapo, atakuwa amemwondolea binti huyo mahali pekee alipokuwa salama na utumwa mdogo wa kila siku.

Wengine hutetea masomo ya nyumbani wakisema kwamba shule zina mafundisho mabaya na marafiki wabaya, nao wataka kuwakinga watoto. Hatuwalaumu wanaokaa katika nchi ambako hofu hiyo ina sababu. Twasema tu kwamba mtoto anayekua bila kugombana na mtoto wa jirani na kupatana naye tena atajifunza mambo hayo ukubwani, kwa gharama kubwa. Na Mkristo hujifunza umaskini wa watu kwa kukaa dawati moja nao.

Limebaki swali la baba na mama wanaotoka alfajiri na kurudi usiku. Je, hao wasitumie masomo ya namna hii kabisa? Wayatumie, lakini wasijifiche kwamba wamekwisha kufundisha. Kama mtu wa mezani si wao, lazima awe mwingine anayejulikana kwa jina: bibi, kaka aliyemaliza shule, mwalimu mstaafu wa mtaa. Kabla ya kulipa ada yafaa kuuliza kazi za mtoto zitasahihishwa na nani, na kwamba mtu huyo aweza kupigiwa simu au la. Yafaa kuuliza pia kama masomo yale yafuata mtaala wa mtihani ambao mtoto ataufanya, maana wako vijana wetu waliosoma mwaka mzima kozi nzuri ya nchi nyingine, kisha wakakuta karatasi ya Baraza la Mitihani yauliza mambo mengine.

Na jumuiya zetu ndogondogo zina la kufanya hapa. Katika nyingi kati ya hizo yumo mwalimu aliyestaafu, ambaye hukaa barazani asubuhi nzima akitafuta mtu wa kuzungumza naye. Katika mtaa uleule wamo vijana wawili watatu wanaorudia mtihani, kila mmoja na simu yake, kila mmoja chumbani kwake. Wakikusanywa pamoja siku tatu kwa wiki, pamoja na binti yule mwenye mtoto mchanga na mtu wa kumshikia mtoto wake saa mbili, kozi zao zitapata kiongozi kama vilivyompata vikundi vya mwaka 1973. Mahali pa kukaa papo. Vyumba vya katekesi katika parokia nyingi vina madawati na ubao, navyo hufungwa tangu Jumatatu mpaka Ijumaa. Funguo anazo katekista.